Oklahoma City hadi Albuquerque kwa I-40: usipitilize, chepuka

Alhamisi

Tumetoka Oklahoma City alfajiri, mimi, wife na binti yetu ambaye yuko darasa la nne, tunaenda Albuquerque kwa shemeji yangu aliyehamia kule mwaka jana na kila wiki anapiga simu mnakuja lini mnakuja lini. Ni kama maili 540. Ukikanyaga mafuta bila kupumzika unafika siku hiyohiyo, na wabongo wengi ninaowajua huku ndo wanavyofanya, wanajaza tenki, wanapitiliza, wakifika wanakwambia njiani hakuna kitu, ni nyika tupu na upepo. Mimi hilo silikubali hata kidogo, na ndo maana safari hii tumeigawa tulale njiani mara mbili na ndo maana naandika.

Kwanza uelewe hii I-40, haiwei kubwa ya sa hivi inayovuka Marekani mashariki kwenda magharibi, imepita karibu kabisa na Route 66, ile barabara ya mwaka 1926 iliyotoka Chicago mpaka Santa Monica, maili kama 2,400. Ilipita katikati ya miji, mbele ya mlango wa mgahawa, mbele ya sheli, mbele ya fundi wa pancha. Halafu zikaja haiwei kubwa zikazunguka miji, na mwaka 1985 Route 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara za taifa. Sasa fikiria mji ambao watu wake wote wanaishi kwa kumlisha, kumlaza na kumjazia mafuta mpita njia, halafu siku moja mpita njia anahamishiwa upande wa pili. Vile vitu vya ajabuajabu unavyoviona kando ya barabara huku, ukiviangalia kwa jicho hilo unaviheshimu, kuna mtu alikuwa anapambana ili dereva anyanyue mguu kwenye mafuta.

Kabla hata ya Weatherford, upande wa kulia kuna kajengo kadogo ka ghorofa moja, chini pameachwa wazi kwa mbele kama kibaraza cha kuwekea mafuta. Hapo ndo kwa Lucille. Lucille Hamons alianza biashara hapo 1941, anauza mafuta na vinywaji, anakodisha vyumba, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 2000. I-40 ilipojengwa magari yakawa yanampita hapohapo mbele ya macho yake na hayana pa kutokea kwenda kwake. Alikaa. Tulisimama dakika chache tu mana pamefungwa ni pa kuangalia kwa nje, ila mimi nilisimama pale kwenye kibaraza nikasikiliza malori yanavyopita ng'ambo nikamuwaza huyo mama miaka yote hiyo.

Clinton na Elk City kuna makumbusho ya Route 66, yote mawili mazuri, kama una watoto chagua moja usiwachoshe.

Ukishaingia Texas mji wa kwanza wa maana ni Shamrock, na hapa tafadhali toka barabarani. Kuna sheli ya zamani ya 1936 inaitwa Tower Station pamoja na mgahawa wake U-Drop Inn, jengo la vigae rangi ya krimu na kijani lenye mnara mrefu, usiku taa za neoni zinazunguka kingo zote. Inasemekana mwenye wazo, John Nunn, alichora ramani yake chini kwenye udongo kwa msumari. Sa hivi ni ofisi ya wageni ya mji, unaingia bure, unapata choo kisafi na mtu wa kukuelekeza, na pembeni wameweka mashine za kuchajia Tesla, yaani magari bado yanakuja kujaza palepale ila sasa wanajaza umeme. Hiyo imenifurahisha sana.

McLean, mbele kidogo, kuna makumbusho ya seng'enge. Ndio, seng'enge ile ya miba. Wameweka aina kwa aina kwenye mbao ukutani, nyingine ina vigurudumu vidogo vyenye meno, nyingine imesokotwa kama msuko wa nywele, nyingine ni bati jembamba lililokatwa ncha. Binti alidhani zote ni sawa mpaka mzee anayejitolea pale akampa vipande viwili akamwonyesha kwa vidole namna mwiba unavyobanwa katikati ya waya mbili zilizosokotwa usiteleze, na hiyo ndo akili ya Joseph Glidden aliyepewa hataza yake 1874. Waya huo ndo ulioifunga hii nyika, kabla yake ng'ombe walikuwa wanatembea tu. Hapohapo McLean kuna kasheli kadogo ka Phillips 66 ka miaka ya 20 mwishoni, kamekarabatiwa vizuri kanapendeza kwenye picha.

Kitu kingine, kabla ya kufika Groom kuna sehemu ya kupumzikia ya serikali ya Texas, imejengwa kwa mtindo wa Route 66 na ndani ni kimbilio la tonado. Kama unasafiri kipindi cha Aprili mpaka Juni jua iko wapi kabla hujaihitaji.

Groom ni mji mdogo sana ila una vitu viwili utakavyoviona tangu mbali. Cha kwanza tangi la maji lililoinama, limeandikwa Britten, kila mtu anadhani linaanguka. Haliangukii popote, jamaa anaitwa Ralph Britten alilisimamisha hivyo makusudi, miguu miwili imeachwa hewani, ili wasafiri wakiliona washtuke watoke barabarani waingie kwenye kituo chake cha malori. Kituo hakipo tena, tangi bado linafanya kazi yake. Cha pili ni msalaba mweupe wa chuma wa futi 190, tangu 1995, na kuuzunguka kuna sanamu za shaba za ukubwa wa binadamu za njia ya msalaba. Wife alizunguka zote kimyakimya, mimi na binti tulikaa kwenye benchi. Uwanda ule hauna kilima hata kimoja kwahiyo msalaba unauona muda mrefu kabla hujaufikia na muda mrefu baada ya kuuacha. Kuingia ni bure.

Jioni Amarillo. Huu mji una Waswahili kuliko unavyofikiri, Wakongo, Warundi, Wasomali, wengi wako viwanda vya nyama. Tulikula Big Texan, mgahawa wa njano ulioanza 1960 kwenye Route 66 ukahamia I-40 mwaka 1970 barabara ilipohama, wale wenyewe waliiona mapema wakaifuata. Ndo wenye ile steki ya aunsi 72, kilo mbili kamili za nyama, ukiimaliza pamoja na kamba, kiazi, saladi na mkate ndani ya saa moja hulipi. Wanakukalisha kwenye meza ya juu katikati ya ukumbi na saa kubwa ya kidijitali inahesabu kurudi nyuma juu ya kichwa chako. Tulipofika kulikuwa na kijana pale, mikono mikubwa, amebakiza kama theluthi na ameacha kutafuna anaangalia tu sahani, ukumbi mzima unampigia makofi ajikaze. Hakumaliza. Mwaka 2015 mama mmoja anaitwa Molly Schuyler alikula tatu za namna hiyo ndani ya dakika 20 palepale, na ukiiona sahani moja kwa macho ndo unaelewa maana yake. Sisi tuliagiza za kawaida, nzuri, zimechomwa vizuri. Kwa msiokula nguruwe, huku maharage mara nyingi wanapika na nyama yake, uliza kwanza.

Ijumaa

Cadillac Ranch asubuhi mapema kabla ya jua kali na kabla ya watu. Ni magharibi ya Amarillo, unapaki kando ya barabara ya pembeni, unapita geti, unatembea shambani. Cadillac kumi zimezikwa pua chini mikia juu, zimepangwa mstari mmoja zote zimeinama kiasi kimoja, modeli za 1949 mpaka 1963 kwahiyo ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho unaona yale mapezi ya nyuma yanavyozaliwa, yanavyokua na yanavyopungua. Waliozizika ni wasanii wa kundi la Ant Farm mwaka 1974, hela alitoa tajiri wa hapo Stanley Marsh 3, na 1997 mji ulipokuwa unazidi kusogea wakazing'oa zote wakazihamishia maili kama mbili mbele.

Unaruhusiwa kupaka rangi, ndo raha yake. Kila siku watu wanapuliza, kila siku inafunikwa, na miaka hii yote rangi imejijenga mpaka magari yamenenepa, huoni tena kona ya mlango wala ukingo wa dirisha, ni kama yamevishwa nta. Kuna kipande cha rangi kimebanduka chini, ukubwa wa kiganja, nikakiokota nikakikata kwa kisu cha funguo. Ndani tabaka juu ya tabaka, pinki, fedha, nyeusi, buluu, njano, nyembamba kama karatasi, nyingi huwezi kuhesabu, na kila moja ni siku ya mtu fulani aliyesimama hapo. Binti akaandika TANGA kwa rangi ya chungwa kwenye gari la nne, herufi kubwa, mkono wote umejaa rangi. Hatujafika getini vijana wengine wameshaanza kupaka juu yake na hakulia, alisema basi ipo chini.

Ushauri: simama upepo ukiwa mgongoni kwako, la sivyo rangi inarudi usoni. Na makopo matupu ondoka nayo, kuna watu wanatupa hovyo shambani, inauma kuona.

Adrian hapo mbele kuna kibao cha nusu ya njia, maili 1,139 kwenda Chicago na maili 1,139 kwenda Los Angeles, na mstari umechorwa barabarani. Tulipiga picha. Halafu Glenrio.

Glenrio nataka niielezee vizuri kwasababu wengi hawatoki. Iko palepale mpakani Texas na New Mexico, unatoka I-40 unaingia barabara pana ya njia nne ambayo haina gari hata moja. Mji umekaa nusu huku nusu kule, na wenyeji walijipanga kwa akili, sheli zilikuwa upande wa Texas mana kodi ya mafuta ilikuwa ndogo, baa zikawa upande wa New Mexico mana kaunti ya upande wa Texas ilikataza pombe. Miaka ya 70 I-40 ikapita pembeni na mji ukafa. Sio ukapungua, ukafa. Kuna moteli imebaki kuta, mti umeota ndani ya chumba na matawi yametokea juu ambako paa lilikuwepo. Nguzo ya bango imesimama bila bango. Sheli nyeupe mlango uko wazi. Nilizima gari tukakaa. Nilikulia njia ya Iringa, najua Ruaha Mbuyuni ilivyo basi likisimama, wamama na watoto wanakimbilia madirishani na vitunguu, na pale Glenrio nikaona sura ya mahali kama pale siku basi likiacha kusimama. Nilishikwa na huzuni kwakweli, sio ya kuigiza.

Ukivuka mpaka saa inarudi nyuma saa moja, kwahiyo mkifika Tucumcari mchana bado mna muda wa kutosha.

Zamani mabango yao yalikuwa barabara nzima yanakwambia ulale Tucumcari, vyumba 2,000 vya moteli. Sa hivi ni pungufu sana lakini mji unapigana. Tulilala Blue Swallow, moteli ya pinki ya tangu mwanzoni mwa vita ya pili, kila chumba kina gereji yake ndogo ubavuni, chaji ya simu ipo ila kitandani kuna simu ya zamani ya kuzungusha namba na binti ameizungusha mpaka usiku. Mwaka 1958 Lillian Redman alizawadiwa moteli hii na mchumba wake, akaiendesha miaka 40, na wageni alikuwa anawapa kadi yenye maneno ya baraka kwa ajili ya safari. Jua likizama wanawasha neoni, ndege wa buluu anawaka juu ya bango na mistari ya pinki na buluu inapita chini ya paa mlango kwa mlango, wageni wote wanatoa viti nje. Tukakaa nje na wazee wa Kijerumani na kijana mwenye pikipiki.

Hapo ndo wife akaniuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo kichwani tangu Shamrock, "hivi baba, enzi hizo zenyewe sisi tungelala wapi?" Ni swali la haki. Sehemu nyingi za Route 66 mtu mweusi alikuwa hapewi chumba, hapewi sahani, na miji mingi kwenye njia hii ilikuwa haimtaki jua likishazama. Ndo maana Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta aliyekuwa anaishi Harlem, alianza 1936 kutoa kitabu cha mwongozo, Green Book, kinachoorodhesha mji kwa mji nyumba, hoteli, sheli na saluni zinazopokea watu weusi, na kikaendelea kutoka mpaka miaka ya 60. Watu walisafiri na chakula chao, na kopo la petroli, na blanketi za kulala garini. Upande wa mashariki ya Oklahoma City, pale Luther, bado ipo sheli ya familia ya Threatt, familia ya weusi iliyouza mafuta kwenye Route 66 enzi hizo, jengo la mawe, na mimi naishi karibu nayo kabisa, ukipita nenda kaione. Nikamwambia wife kulala hapa leo kwa amani, mtoto anachezea simu ndani, kuna watu walililipia. Akanyamaza, kisha akasema basi mtoto aambiwe. Tukamwita tukamwambia.

Jumamosi

Asubuhi kwenye sheli kubwa ya malori nje ya mji nikasikia mtu nyuma yangu anaongea Kiswahili kwenye simu, Kiswahili cha Goma. Nikageuka, "habari yako mkubwa". Mzee wa makamo, trela lake limebeba nyama iliyogandishwa anapeleka California. Akafurahi akanikumbatia. Nikamuuliza kama amewahi kuingia mjini Tucumcari kuangalia, akasema, "Ndugu yangu, hii gari ya meta ishirini na zaidi nitaiweka wapi? Miye naona barabara na sheli, basi." Akasema kituo anachokipenda ni kile cha msalaba Groom kwasababu malori yanaingia na yanageuka, huwa anateremka anasali dakika tano. Nikachukua hilo kama taarifa ya kuwapa madereva wengine wa trela wanaosoma hapa.

Santa Rosa, Blue Hole. Hapa binti ndo alikuwa anapasubiri. Katikati ya nchi kavu kabisa, mawe mekundu na vichaka, kuna shimo la mviringo limejaa maji ya buluu safi unaona mpaka chini, kina kama meta 25, na chemchemi inasukuma kama lita 11,000 kwa dakika kwahiyo maji hayachafuki yanabadilika muda wote. Joto la maji ni nyuzi 16 mwaka mzima, kiangazi na masika. Wapiga mbizi wanakuja kujifunza hapa, tuliwakuta wamekaa na mitungi yao kwenye ngazi. Nikaruka. Baridi inakushika kifuani unasahau jina lako, halafu unatoka unajisikia mtu mpya, jua la New Mexico linakukausha kabla hujapata taulo. Binti aliingia mpaka magotini, akatoka, akaingia tena, mwisho akaruka na yeye, nikajivunia.

Kutoka Santa Rosa kwenda Albuquerque barabara imenyooka, na sababu ya kunyooka kwake ni ya kisiasa. Zamani Route 66 ilikuwa inapanda kaskazini mpaka Santa Fe halafu inashuka Albuquerque. Gavana Arthur Hannett aliposhindwa uchaguzi wa 1926, inasimuliwa aliwakasirikia wanasiasa wa Santa Fe, akaamuru katika wiki zake za mwisho ofisini ichongwe barabara ya moja kwa moja kutoka Santa Rosa mpaka Moriarty kabla gavana mpya hajaapishwa Januari mosi. Watu wakafanya kazi kwenye baridi kali, Krismasi imewakuta porini, na njia ikapita. Mwaka 1937 Route 66 ikahamishiwa rasmi njia hiyo na Santa Fe ikaachwa pembeni. Jamaa mmoja, Roy Cline, alikuwa na kituo chake tangu 1934, barabara ilipohama naye akahama nacho, na ndo hii Clines Corners mnayoiona leo, duka kubwa kupita kiasi, mikufu ya feruzi, makofia, fuji (peremende laini za sukari na maziwa), ngozi za ng'ombe. Fuji nunua. Mengine angalia kwanza yametengenezwa wapi.

Albuquerque tumeingia kwa Central Avenue, tukaiacha I-40 mapema kabisa, na nakusihi ufanye hivyo. Barabara ya zamani inavuka mji mzima, moteli za neoni nyingine zimekarabatiwa nyingine zimechoka, chuo kikuu, halafu katikati ya mji KiMo, ukumbi wa 1927 uliopambwa kwa michoro ya Kipueblo, wenyeji wa asili wa huku, na mafuvu ya ng'ombe yenye taa machoni. Simama kona ya Central na mtaa wa Fourth. Hapo Route 66 inajikata yenyewe, Fourth ndo njia ya kabla ya 1937 iliyoshuka kutoka Santa Fe, Central ndo ya baada ya Hannett. Nilikuwa namsimulia shemeji kwenye simu akasema, "Shem, mie napita hiyo kona kila siku kwenda kazini sijui lolote, hebu njoo nyumbani chakula kinapoa."

Jumapili

Shemeji katupeleka. Old Town kwanza, mji wa 1706 wenyewe, kanisa la San Felipe de Neri la 1793 bado lina misa, na mafundi wa Kipueblo na Kinavajo wanatandika nguo chini ya kibaraza wanauza fedha na feruzi walizotengeneza wenyewe. Wife kanunua hereni kwa mama aliyemwonyesha jiwe lilivyokalishwa, bei nzuri, na hela imeenda kwa aliyeshika koleo. Ukila mjini watakuuliza pilipili nyekundu au ya kijani, sema zote mbili. Ile ya kijani inachomwa ngozi ikaungua ndo inamenywa, ina moshi, nimeipenda kuliko pilipili yoyote niliyokula Marekani.

Mchana michoro ya mawe ya Petroglyph, upande wa magharibi, mawe meusi ya volkano na inakadiriwa ina michoro kama 24,000, ndege, viganja, misalaba. Bebeni maji mengi na msiguse. Jioni kebo ya Sandia, kibanda kinachoning'inia kwenye waya kinakupandisha mlimani, inafanya kazi tangu 1966, maili 2.7, dakika kama 15, inakufikisha futi 10,378. Chini tulikuwa na fulana, juu tunatetemeka, bebeni sweta. Kutoka pale unaiona I-40 yote, uzi mwembamba unaingia korongo la Tijeras. Kama mnapanga kuja Oktoba kuna tamasha la maputo lililoanza 1972, vyumba vinaisha miezi kabla, weka mapema.

Kurudi tumekubaliana tutapita Santa Fe kisha Pecos mpaka Santa Rosa, ile njia ya kabla ya 1937, itatuongezea masaa kadhaa na binti ameshadai Blue Hole tena. Kama kuna mtu amelala upande huo karibuni na anajua mahali pa bei ya kawaida penye paking salama naomba aniambie.